Kikombe cha Helka

Asubuhi ya kwanza Helka alikuta kikombe chake kimefudikizwa. Cha Tarmo kilikuwa wima, kimejaa kahawa inayofuka moshi.

"Asante kwa kahawa," mumewe alisema bila kuondoa darubini machoni.

"Hukuchemsha wewe?"

"Mimi? Lini?"

Wakacheka. Kicheko cha Helka kiliisha mapema.

Safari ya kuja kuangalia ndege huku ng'ambo ya ziwa, ambako hata barabara haifiki, ilikuwa wazo la Tarmo. Mizigo ilikuwa ya mgongo wa Helka. Tarmo alibeba darubini, kwa sababu darubini, alisema, haitaki kutikiswa. Kila kiangazi walisafiri hivyo, na kila wakirudi mjini kwao Tampere aliwasimulia wenzake: nilimwona huyu, nilimsikia yule. Helka, ambaye masikio yake ndiyo yaliyotangulia kusikia, aliishia kuitwa "mke wangu". Jina la mtu lina uzito gani, hata limshinde mwanamume mzima kulibeba?

Na walikuwa wameonywa. Ravna, binti wa Wasami, wenyeji wa kaskazini ile, aliyewavusha kwa mashua yake ya injini, aliwaambia wazi.

"Kibanda hakifungwi, analala yeyote. Ila kina mwenyewe. Anayetangulia kuingia huomba ruhusa na kumtaja kwa jina kila atakayelala. Siku ya kuondoka huyohuyo ndiye anayeaga, na anataja kila anayetoka."

"Na nikisahau?" Tarmo alitania.

"Mwenyewe ni mwanamke, bwana. Atadhani umekuja kuposa."

Tarmo alicheka mpaka ng'ambo. Kisha, Helka akiwa bado anahangaika na mabegi katika kinamasi, mbu wakimla shingo, alimsikia mumewe akisema mlangoni: "Mimi ni Tarmo. Naomba kulala." Basi.

Siku ya pili akaja ndege mmoja. Kijindege chenye koo la buluu, fundi wa kuiga sauti za wenzake. Alitua kwenye kichaka cha mbetula karibu na dirisha, akapiga mluzi. Helka aliuacha mkate mkononi. Ulikuwa mluzi wa Tarmo, ule aliokuwa akimwitia chini ya dirisha la kwao enzi za uchumba, na ambao hakuwa ameupiga tena tangu waoane.

Tarmo alitoka mbio, akarudi baada ya saa nyingi, macho yanang'aa kama ya kijana.

"Huyu anajua kuimba," alisema.

"Mimi huo mluzi naujua, Tarmo."

"Unamwonea wivu ndege?"

Alimwonea. Aliona aibu, lakini alimwonea, kwa sababu mumewe hakuwa amemtazama yeye kwa macho yale miaka na miaka. Kwenye kitana chake alikuta nywele ndefu zilizolowa, si zake. Ubao aliolalia ukaanza kunuka manyoya mabichi. Na usiku ule, usiku wa huko usio na giza, jua likiwa jekundu dirishani kana kwamba nalo linachungulia, alizinduka akajikuta amelala sakafuni, na juu yake, ubaoni penye nafasi yake, kitu kilikuwa kinapumua taratibu sambamba na pumzi za Tarmo, kikipiga ule mluzi kwa sauti ya chini, tena na tena, kama mtu anayembembeleza aliye wake.

Alimwamsha mumewe. Ubaoni palikuwa na unyevu tu.

"Tuondoke," alinong'ona. "Uage, na unitaje. Helka. Hebu sema."

"Jina lako nalijua, mama."

"Sema basi."

"Nitasema mlangoni. Umenitia hofu na mimi."

Tarmo alisimama kizingitini. Nje ndege wote walinyamaza.

"Tarmo anaondoka," alisema, "na mke wangu."

Akatoka. Helka akainua mguu kumfuata, na mguu ukagoma pale pale kwenye kizingiti. Akamwita, na kilichomtoka kooni kilikuwa mluzi. Akapiga kioo cha dirisha, kikatoa mgogoto wa mdomo mdogo mgumu, huku akimwona Tarmo kwenye mbao za kuvukia kinamasi, mbao zinazobonyea kwa uzito wa watu wawili, akimgeukia mwanamke mwenye nywele mbichi na koti la Helka, na kumwambia kwa upole ambao Helka hakuwahi kuonjeshwa:

"Lete begi nikubebee."

Kiangazi hakikuwa kimeisha walipokuja wengine, mume na mke. Mwanamke alikuwa bado kinamasini na mizigo. Mwanamume akafungua mlango.

"Mimi ni Eljas," alisema, akicheka kidogo. "Naomba kulala."

Helka alisubiri. Kwa haki kabisa alisubiri jina la pili, mpaka yule mwanamume alipovua viatu na kujinyoosha ubaoni.

Ndipo akachemsha kahawa, akakisimamisha kikombe kimoja, na cha pili akakifudikiza.