Mlango Uliofungwa Saa Sita za Mchana

— Fungua, Adolphine! Fungua, ao nitavunja hii mulango!

Ndani, Adolphine aliganda. Kwenye simu iliyoegemezwa kwenye sufuria, Docteur Anatole alikuwa amemaliza kumuuliza swali la tatu na anangoja jibu. Ulikuwa mtihani wa mwisho kabisa wa masomo yake ya uuguzi ya mtandaoni, na sheria yake hata mtoto angeielewa: mwanafunzi awe peke yake, mlango ufungwe, asiingie mtu.

— Endelea, madame, alisema Docteur kwa Kifaransa chake cha taratibu.

Lo! Sauti hiyo ya kiume ndiyo iliyomwaga petroli kwenye moto.

— Munasikia, bamama? Iko na mwanaume ndani! Saa sita ya muchana, na mutoto yangu iko Lweba anasukuma kinga, ile baiskeli ya mihogo!

Komeo lilikuwa msumari mmoja tu. Liling'oka. Wakaingia wanawake saba: mbele Mama Constance, mama mkwe wake, na nyuma wanakorali sita, waimbaji wenzake wa kanisani, na vitenge vyao vya sare. Pale mjini Baraka mama mwenye akili haendi kufumania peke yake. Anaita mashahidi, kesho asije akaambiwa aliota.

Mmoja wao, Mama Rosette, jirani muuza samaki, alikuwa ameshainama kuchungulia chini ya kitanda.

— Iko wapi?

— Hakuna muntu, Mama! Niko nafanya examen!

Docteur Anatole alivua miwani. Mama Rosette akasogea, akaona mzee mwenye mvi ndani ya simu, akaona ni adabu kusalimia.

— Bonjour, papa.

Picha ikazimika. Likabaki andiko: "Mtihani umesitishwa. Watu wengine wameonekana chumbani."

Adolphine alikaa chini sakafuni. Hakulia. Wanakorali walianza kutoka mmoja mmoja, kila mtu anaangalia miguu yake.

Sasa nikwambie kilichokuwa kimevunjika pale. Chuo hicho hakikuwa na habari ya kungoja mwaka uishe. Unalipa muhula mmoja wa miezi sita. Ukimaliza somo unapimwa, ukifaulu unaruka kwenye lingine, kasi ni yako. Wenzake walikuwa wamefika somo la nne. Adolphine alikuwa amemaliza yote kumi na mbili, kwa kusoma asubuhi kabla ya zamu yake ya kuzalisha kwenye kituo cha afya, kusoma akipepeta mchele, kusoma akingoja maji kwenye bomba. Ada ya muhula ilitoka kwenye pikipiki ya mumewe Fabien. Aliiuza, naye aliyekuwa akibeba abiria mpaka Fizi sasa alisukuma mihogo ya watu kwa baiskeli. Na muhula uliisha Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Fabien alirudi jioni, jasho limekauka shingoni. Mama yake alimdaka mlangoni.

— Fabi, ile simu ilikula moto yako, pikipiki nzima, sasa inakula nyumba. Mi nilisikia mwanaume na masikio yangu.

— Mama, yule ni mwalimu wake. Mi mwenyewe ananisalimiaka.

— Juu ya nini anajifungia?

— Juu njo sheria ya examen, ndiyo inataka hivyo. Na weye umeivunja.

Mama Constance alimpisha mlangoni. Fabien akaingia kwa mkewe, akaketi naye sakafuni pale pale.

— Tuache, Fabi, alisema Adolphine. Nilikuuzishia moto bure.

— Moto ni chuma. Mi nilioa chuma?

— Watu banakucheka njiani.

— Bacheke. Angalia hii miguu, imekuwa ya muchezaji wa mupira. Njo wivu yao.

Adolphine akacheka bila kutaka, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Fabien akamfuta kwa kiganja kilichojaa vumbi la mihogo, akamwachia alama nyeupe shavuni.

— Muandikie Docteur. Mueleze yote, hata Mama Rosette na bonjour yake.

Alimwandikia. Ijumaa asubuhi simu ikalia, ujumbe ukaingia: "Madame Adolphine, nimekuombea ruhusa chuoni. Nafasi ya mwisho, Jumamosi saa sita. Ikivunjika, muhula unafungwa na utaanza upya. Nakutakia utulivu."

Utulivu! Jumamosi, Baraka, kando ya njia ya soko, mkabala na mashine ya kusaga!

Alikuwa bado ameshika simu Mama Constance alipoingia na bakuli la sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa, mkono mmoja nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe.

— Fabi aliniambia nikuulize. Juu ya nini unakimbia hivi na masomo?

Adolphine aliweka simu chini.

— Juu ya Félicité, Mama.

Jina hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani humo kwa miaka miwili. Félicité alikuwa dada yake Fabien. Alijifungua kule Swima, kwenye kituo cha afya alikokuwa akifanya kazi Adolphine, siku ambayo vita viliteremka toka milimani na barabara ya kwenda hospitali ikafungwa.

— Damu ilikuwa inatoka, Mama. Nilifanya yote niliyojua, na niliyojua ilikuwa kidogo. Munganga wa hospitali alianza kunielekeza kwa simu, réseau ikakatika, sauti yake ikapotea. Félicité alinishika mukono mpaka mwisho. Niliapa, hakuna mama mwingine atanifia juu ya kitu sikusoma. Vita haingoje miaka mine ya shule, Mama. Njo maana nakimbia.

Mama Constance aliliweka bakuli chini polepole.

— Mi nilifikiri ulimuacha. Miaka mbili yote, nakula chakula yako na nafikiri ulimuacha.

— Najua, Mama.

— Ulijua na ukaendelea kunipikia?

— Weye ni mama yake.

Mama mkwe aligeuka. Alitoka, na Adolphine akamsikia akilia nyuma ya jiko, kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya mazishi.

Jumamosi, Mama Constance aliamka na kazi ya kunyamazisha mtaa. Saa tano na nusu alisimama mbele ya mashine ya kusaga.

— Élie, zima.

— Mama Constance! Leo ni soko! Angalia ile foleni!

— Mutoto yako ya kwanza alipokelewa na nani?

Élie akakuna kichwa.

— Adolphine.

— Na ya pili?

Mashine ikazimika. Wala foleni haikunung'unika, maana nusu yao walikuwa na majibu yale yale. Wale wanakorali sita wakaketi kukatiza njia, watatu huku, watatu kule. Kila pikipiki iliyotokea ilisimamishwa: "Shuka, sukuma. Kuna examen." Mbuzi wa Mama Rosette akarundikiwa maganda ya mihogo ashindwe kulia. Na mbele ya mlango wenye misumari mitano mipya, Mama Constance akaweka kigoda chake, akakalia.

Ndani, Adolphine alishangaa. Tangu azaliwe hajawahi kusikia mtaa wao ukiwa kimya mchana. Alitambua ni nani aliyempa ukimya huo, akasema aksanti moyoni kabla hajajibu hata swali moja.

Maswali mawili yakapita vizuri. Kisha toka milimani, upande wa Bibokoboko, ikasikika milio, mmoja, halafu mingi. Hiyo hakuna mama wa kuizima.

— Ni nini hiyo, madame?

— Ni risasi, Docteur. Ziko mbali. Tuendelee.

Docteur Anatole alisogea karibu na kamera.

— Swali la mwisho. Mama amejifungua, anatoka damu nyingi. Barabara imefungwa, gari hakuna, simu imekatika. Utafanya nini?

Adolphine alishika ukingo wa meza. Kisha akaanza. Alisema mikono inaanzia wapi na inakandamiza vipi, dawa ipi na kiasi gani, akikosa dawa afanye nini, nani aitwe ashike taa, nani atoe damu yake. Alisema kila ambacho hakukijua siku ya Félicité, kimoja baada ya kingine, bila kukosea. Alipomaliza aliongeza moja lisilo kitabuni: kwamba angemwita mgonjwa kwa jina lake muda wote.

— Hilo halikuandikwa popote, alisema Docteur. Lakini mimi nimelipatia alama. Hongera, licenciée: umefaulu, shahada ni yako.

Msumari wa kwanza wa mlango ulipotikisika kufunguliwa, bamama walipiga vigelegele hadi mbuzi akaacha maganda. Mama Constance peke yake hakupiga. Alimshika Adolphine mabega.

— Balikuuliza nini?

— Ya mama anatoka damu, na barabara imefungwa.

— Na sasa unajua?

— Sasa najua, Mama.

— Aksanti, alisema yule mama. Mungu akuone. Aksanti, mutoto yangu.

Fabien akatokea mbio, baiskeli ameitupa huko na mihogo ya watu. Hata kuuliza hakupewa nafasi. Mama yake alimsukuma ndani na mkewe, akavuta mlango, akarudi kwenye kigoda chake. Mashine ya Élie ikaanza tena kunguruma.

Mama Rosette akapita na beseni la samaki, akasimama, akatega sikio.

— Mama Constance, Adolphine bibi ya Fabien amejifungia tena muchana? Na nasikia mwanaume anacheka humo ndani!

— Njo anacheka, alisema Mama Constance, akinyoosha miguu kuziba njia. Pita na samaki yako. Leo siite mashahidi.