Lami Iliyokunywa Jua

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, hata yale yaliyokwisha kuniaga. Kiangazi kile kuku wa jirani alitaga kando ya barabara yetu, akageuka kulitazama yai, akakuta limeshaiva. Hilo la kuku ukitaka usiliamini. Yanayofuata yaamini.

Mjukuu wangu tulimpa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila akitoka shule alivua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akaketi nami barazani kunipa habari za darasa zima. Siku hiyo alikuja na kipimajoto alichokifunga kwenye kitambaa.

"Babu, leo nina kazi," alisema. "Jua likishazama nipime joto kwenye lami ya lango la shule, kisha chini ya ule mti wa mkungu uwanjani. Shangazi atapima kule shambani kwake saa hiyohiyo, halafu atanipigia simu."

"Ya nini yote hayo?"

"Kamati ya wazazi inataka kuukata mkungu, uwanja wote uwekwe lami, magari yapate pa kuegesha. Mwalimu wa sayansi amewaomba wasubiri vipimo vyetu. Kesho kutwa wanaamua."

Basi mimi, ambaye elimu yangu niliiokota kwenye magazeti ya kufungia misumari, nikajikohoza kama profesa. "Mjukuu wangu, usijichoshe. Lami ni kama sufuria. Ukiiepua tu, inapoa. Jua likizama, lami na kivuli ni mamoja. Nikikosea, nitaumwagilia mkungu huo kiangazi chote kwa mikono yangu hii."

Kisha nikaanza kumsimulia mwaka ule wa joto kali, vivuli vyenyewe vilipokuwa vikijificha chini ya watu. Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Simu ya Shangazi ilipolia, giza lilikuwa linaingia na kipimajoto kilikuwa bado kwenye kitambaa chake. Shambani ni nyuzi ishirini na mbili, alisema Shangazi. Chiriku aliitazama njia ya shule, akanitazama mimi, akachukua kalamu. Lami, ishirini na tatu. Chini ya mti, ishirini na tatu.

Kesho yake alirudi kimya. Chiriku kimya! Alivua kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Mwalimu amesoma vipimo vyangu," alisema hatimaye. "Amevitazama sana. Akasema, kama ni hivi, hana la kuwaambia wazazi. Wale wadogo wa darasa la kwanza walikuwa chini ya mti wanacheza. Mimi nimeshindwa kukaa nao."

Chakula alikisukuma. Jioni, jua limekwisha kuzama, aliegemea ukuta wa nyumba, akaruka.

"Babu, mbona ukuta una moto kama pasi?"

Nikaugusa nami, nikakiondoa kiganja upesi kabla ya uongo wowote kunijia.

"Sufuria yako ni bati jembamba," alisema polepole. "Hili ni tofali. Na lami ni nene hivihivi. Babu, nimeandika uongo, na kesho wataamua mti ukatwe."

"Labda hakuna atakayejua," nilinong'ona, na mara nikaona aibu.

"Mimi najua."

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu, nyuma ya shule. Nami nilimfuata kama mbuzi aliyekula mboga za watu. Chiriku alisema yote mlangoni, hata kabla ya kukaribishwa. Mimi hakunitaja. Hapo ndipo dhamiri iliponiuma kweli.

"Mwalimu, mwongo wa kwanza ni mimi," nikasema. "Yeye alinakili tu."

"Shikamoo, mzee," alijibu mwalimu, uso wake haucheki. "Wewe tutakuja kwako. Chiriku, ungekosea kusoma kipimo, ningekuelekeza. Lakini wewe umebuni. Chukua kipimajoto, twende."

Langoni, juu ya lami, kilisoma nyuzi ishirini na nane. Chini ya mkungu, ishirini na nne. Tulimpigia Shangazi: kwake ilikuwa ishirini na mbili, na alikuwa anatafuta shuka.

"Lami na saruji hushiba jua mchana kutwa," mwalimu alieleza, "na jioni huliachia joto hilo kidogo kidogo. Majumba yamesongamana, upepo haupati njia ya kulibeba. Magari na mashine nayo huongeza joto lake. Huko shambani udongo na majani hutoa maji hewani, yakapoza, kama jasho linavyopoza ngozi yako. Lami haitoki jasho. Ndiyo maana mji una joto kuliko shamba, na mti mmoja mjini si pambo."

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya kamati. Alisema kwamba vipimo vya kwanza alivitunga, kisha akasoma vya kweli. Wazazi walinung'unika, wakaenda wenyewe kushika lami jioni. Magari yakabaki nje ya uwanja.

"Asiye na kipimo huuliza njia," mwalimu aliliambia darasa. "Mwenye kipimo cha uongo hutumbukia shimoni huku anajiamini, na huwavuta wenzake. Ukikosa kazi, sema umekosa."

Nami? Nilitumaini ahadi yangu ya kumwagilia mkungu imesahauliwa. Jumamosi Chiriku aliniwekea ndoo mlangoni. Nilipofika uwanjani alichungulia ndani yake.

"Babu, hii ni nusu."

"Nusu nyingine imenywewa na jua njiani, mjukuu wangu. Naapa kwa meno yangu..."

"Babu."

Nikaumwagia mkungu ile nusu, nikarudi bombani, nikaijaza mpaka ukingoni.