Ami Alishuka Kisimani na Nyundo

Panga lilikuwa shingoni mwa mama yangu, na aliyelishika ni ami yangu wa damu!

"Shemeji, toka hapo kisimani!"

"Sitoki, Abdihakim."

"Nitakukata!"

"Kata."

Hiyo ni Macalder, mji wa migodi ya dhahabu, 1997, asubuhi kweupe, mitungi imepangwa foleni.

Baba yangu Abdullahi, muuza nguo, alikuwa amefariki. Mama yangu, Mulki, akauza bangili zake za harusi, akamchimbia kisima. Sadaka jaria, wapenzi! Kila anayekunywa, thawabu inamfuata baba kaburini. Hakuna kufuli, hakuna malipo. Mjaluo, Mkisii, Msomali... chota uende.

Balaa lilianzia kwa jirani. Nyaboke alikandika nyumba yake kwa udongo uliotoka kisimani. Jua likapiga, ukuta ukametameta! Wachimbaji wakaosha udongo ule kwenye karai, wakaambulia patupu.

Ami hakuyajua hayo. Alikuja kututembelea kutoka Homa Bay, akauona ukuta, akasikia udongo ulitoka kisimani, akili ikamruka.

"Mmekalia dhahabu mnakunywa maji! Mafala nyinyi!"

Mama alipokataa kutoka, akampiga kwa ubapa wa panga. Paji la uso likapasuka!

Nikainua mtungi uliojaa, nikamvurumishia mgongoni.

Akageuka. Ngumi moja... meno yangu mawili chini!

Vijana wawili aliokuja nao wakanibana mikono. Ami akashuka kwa kamba na nyundo, akaanza kubomoa ukuta wa simiti.

Ga! Ga! Ga!

"Ami, utaangukiwa!"

"Nyamaza, mbwa wewe!"

Kisha... grrrum!

Yowe moja. Kimya.

Wale vijana waliruka ua wakapotea!

Dolphine, aliyekuwa wa kwanza foleni, akapiga nduru.

"Uwi! Uwi! Mama Kuruthum ameuawa!" Kuruthum ndiye mimi.

Wachimbaji wakamwagika kutoka migodini na sururu na mawe. Wakaiona damu ya mama.

"Yuko wapi huyo?"

"Humo ndani!"

"Amejizika mwenyewe. Tumfukie tu!"

Mawe yakaanza kudondoka kisimani. Kutoka chini, sauti ya ami: "Shemeji! Shemeji, wananiua!"

Mama akajitupa juu ya mdomo wa kisima. Jiwe likampata begani.

"Hii ni sadaka ya mume wangu!" akafoka. "Mkimuua nduguye humu, kesho mtakunywa nini? Damu? Dishon, mtoe!"

Dishon ndiye aliyekichimba kisima kile. Akashuka kwa kamba.

Ami akatoka mguu umevunjika, lakini ngumi ameifumba. Dishon akaifungua kwa nguvu.

Jiwe. Lina mishipa ya manjano...

Umati ukasogea.

Dishon akaligeuza, akacheka. "Omera, ndugu, umevunja mguu kwa hili? Ni takataka ileile ya ukutani kwa Nyaboke!"

Akalitupa kisimani. Watu wakaangua kicheko, wakarudi kazini.

Mama akachota kikombe kwenye mtungi wa Dolphine. Damu bado inamchuruzika.

"Kunywa, Abdihakim. Ni maji ya ndugu yako."

Akanywa.

Alasiri, nikimkanda mama bega, nikamwambia, "Kumbe ami ni mjinga hivyo!"

"Hakukosea."

"Eti?"

"Ni dhahabu, Kuruthum. Iko ndani ya mwamba, si kwenye udongo wa Nyaboke. Dishon aliiona alipokuwa akichimba, nikamwambia aizibe kwa simiti. Leo amewadanganya watu kusudi ili waondoke."

"Mama! Si tungekuwa matajiri?"

"Ndugu zake Dishon wote walifukiwa migodini. Na leo umeona mwenyewe. Mtu mmoja tu ameinusa, tazama tulivyo."

Nikatazama. Mimi sina meno mawili, yeye kichwa kimepasuka.

"Nilimpa Mungu kisima," akasema. "Sikumwambia anirudishie kilicho chini yake."

Dishon aliziba tena wiki ileile. Maji yanachotwa mpaka leo.

Ukishatoa kwa ajili ya Mungu, ndugu yangu, usirudi kuchungulia kama ulitoa kingi mno.

Na wewe unayetafuta nyundo saa hii... Macalder ina visima vingi, na mimi sijasema ni kipi!