Koki ya Tata Mpoyi

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ya Mama Adèle pale Musonoi, mtaa wa wachimbaji wa mgodi, ilinukia mafuta ya moto. Mama Adèle alikaanga mikate ya kuuza, na binti yake Tshibola alifagia uwanja, akachota maji, kisha akapanga mikate kwenye beseni na kuifunika kitambaa ili vumbi la malori lisiifikie. Akimaliza kazi hizo aliruhusiwa kwenda ziwani Nzilo. Si kucheza, msifikiri hivyo. Tshibola alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa akijifunza kuzamia katika kundi la uokoaji.

Kundi hilo lilianzishwa na Mama Jocelyne, mzamiaji aliyekuwa akifanya kazi ya kukagua vyuma vya chini ya maji. Kila mtumbwi ulipopinduka ziwani, yeye ndiye aliyeitwa, na kila mara alifika kutafuta maiti. Alichoka. Akawakusanya wakubwa na watoto wa Musonoi wanaojua kuogelea vizuri, akaanza kuwafundisha.

Mwanzoni watu waliwacheka, na kusema kweli walikuwa na haki. Mzamiaji mpya hutia aibu. Gael, aliyesoma darasa moja na Tshibola, alivaa mapezi ya miguuni akiwa bado nchi kavu, akatembea kama bata mpaka akaanguka chali. Safari nyingine alisahau mkanda wa vizito, akabaki anaelea juu huku akipiga mateke bure. Tshibola naye alivaa miwani ya kuzamia juu ya nywele zake zilizosukwa, maji yakamjaa mpaka puani. Walichekana, yakaisha. Lakini kilichotokea siku ninayoisimulia hakikumchekesha mtu.

Siku hiyo wangezamia kwa mara ya kwanza sehemu yenye kina. Watu wengi walikuja kutazama, wakiwemo waimbaji wa kwaya ya kanisa la kina Tshibola. Walikuja kumwona kiongozi wao, Tata Mpoyi, ambaye naye alikuwa akijifunza kuzamia. Mzee huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mgodi hadi alipostaafu, na alikuwa na nguvu kuliko vijana wengi. Mama Jocelyne aliwapanga wawili wawili. Yeye angeongoza na Gael, na nyuma yao wangefuata Tshibola na Tata Mpoyi.

Kabla ya kuzama kulikuwa na sheria moja ambayo Mama Jocelyne hakukubali mtu aivunje. Kila mmoja humkagua mwenzake. Unashika mkanda wake, unagusa koki ya mtungi wake wa hewa nyuma ya shingo, halafu unamwambia avute pumzi huku ukiangalia geji yake, kile kipimo cha hewa. Sindano ya geji ikitulia, mambo ni mazuri. Ikishuka na kupanda kila anapovuta, basi koki haijafunguliwa vya kutosha.

Tshibola alisimama kando ya Tata Mpoyi akimtazama anavyojiandaa. Mzee alipeleka mkono nyuma, akazungusha koki yake kidogo tu, akauondoa mkono. Tshibola alishangaa. Yeye alifundishwa kuizungusha mpaka mwisho.

"Samahani, Tata," alisema kwa sauti ndogo. "Naomba niangalie koki yako."

"Koki yangu?" Tata Mpoyi alicheka, akawatupia macho waimbaji wake. "Mutoto, mi nilianza kufungua mitungi mbele mama yako azaliwe. Acha, batu banatuangalia."

Haya ilimshika Tshibola. Nyumbani kwao, kama kwa familia nyingi zilizotoka Kasai, mtoto hapeleki mkono mwilini mwa mkubwa bila kutumwa, wala hamwulizi kama ameifanya kazi yake sawasawa. Na huyu hakuwa mkubwa wa njiani. Ndiye aliyemfundisha kuimba. Tshibola akarudisha mkono wake.

"Tshibola, umemkagua mwenzako?" Mama Jocelyne aliuliza, akiwa tayari majini.

"Ndiyo, Mama. Nimemkagua."

Uongo mtupu. Ulimtoka haraka hata yeye mwenyewe akashtuka, lakini hakuurudisha.

Wakazama wakifuata kamba iliyofungwa jiwe chini. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya mvua za wiki ile. Tshibola aliona mapezi ya Gael mbele yake, halafu Gael akagusa tope la chini, likafumka, akapotea. Mama Jocelyne alipotea pamoja naye. Alibaki Tata Mpoyi peke yake, karibu kiasi cha kumgusa.

Na Tata Mpoyi hakuwa sawa.

Juu, nchi kavu, hewa kidogo inayopita kwenye koki iliyofunguliwa nusunusu inamtosha mtu. Kule chini haimtoshi, kwa sababu kila pumzi inahitaji hewa nyingi zaidi. Mzee alikuwa akivuta, na hewa haiji. Tshibola aliitazama geji ya mzee. Sindano ilikuwa ikianguka kila alipovuta, kisha inapanda polepole. Pale pale akajua ni nini.

Alipeleka mkono ili aifikie koki. Hakufika. Tata Mpoyi alikwisha kushikwa na hofu, na mtu anayekosa hewa hamjui mtoto wala ndugu. Alimkamata Tshibola begani, akamchomoa kipumulio mdomoni, akakitia mdomoni mwake mwenyewe.

Tshibola akabaki kinywa kitupu, maji yakimgonga menoni. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kupaa juu mbio. Lakini Mama Jocelyne aliwaambia mara nyingi kwamba anayepaa mbio huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu. Akapapasa kifuani kwake akitafuta kipumulio cha akiba. Akashika mkanda. Akapapasa tena, akashika geji. Kifua kilianza kumwuma. Mwishowe vidole vilikipata, akakitia mdomoni, akapuliza maji, akavuta. Hewa ikaingia. Hakuwahi kuonja kitu kitamu kama ile pumzi.

Mzee alikuwa ameanza kupaa. Tshibola alimshika kwa mikono miwili kwenye mikanda ya kifua, akamtazama machoni, akamvuta kwenye kamba. Akatoa mapovu mengi ili mzee aone na kuiga. Polepole, Tata. Polepole. Hakuweza kulisema, alilifikiri tu kwa nguvu zake zote. Wakapanda hivyo wameshikana, mapovu yao yakipanda mbele yao, mpaka vichwa vikatokea juani.

Wavuvi waliwavuta ufukoni. Tata Mpoyi alikohoa na kutapika maji, huku midomo yake imebadilika rangi. Alipoweza kuongea alimshika Tshibola mkono.

"Huyu mutoto ameniokoa," aliwaambia watu. "Bila yeye mi nimekufa."

Waimbaji wakampigia makofi. Mama mmoja akamfunika kitenge. Tshibola alikaa chini akitazama mchanga, na kila kofi lilimchoma.

Mama Jocelyne alikuwa ametoka majini pamoja na Gael. Hakupiga makofi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa mzee, akaishika koki.

"Imefunguka kidogo tu," alisema. "Ni nani aliyeigusa?"

"Mi niliifungua mwenyewe," Tata Mpoyi alijibu kwa hasira ya mtu aliyetishika. "Kuna mutu aliifunga. Huyu Gael ndiye alibeba mitungi asubuhi. Nilimwona anapitapita hapa. Batoto ba leo banacheza na bitu bya batu."

Macho yote yakamgeukia Gael.

"Mi sikugusa koki ya Tata," Gael alisema. "Nilibeba tu mitungi. Nisamehe Mama, lakini sikugusa."

"Mtu alikuwa karibu kufa," Mama Jocelyne alisema. "Gael, kama ulichezea kifaa cha mwenzako, vua vitu vyangu uende nyumbani. Usirudi hapa tena."

Gael alianza kufungua mkanda wake. Aliuvuta huku na huku, haukufunguka. Kila mtu alijua anavyolipenda kundi lile. Kaka yake alikufa maji katika ziwa hili hili.

Tshibola aliona kwamba akinyamaza kidogo tu, mambo yatakwisha. Yeye atabaki shujaa, mzee atabaki na heshima yake, na Gael ataondoka na kosa lisilo lake. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Mama, Gael hakugusa," alisema. "Nilikuwa na Tata tangu alipofungua koki mpaka tulipoingia majini. Gael hakutukaribia. Tata aliizungusha kidogo tu. Niliona. Na sikumkagua. Nilikudanganya."

Mama Jocelyne aliiacha koki, akamgeukia Tshibola.

"Uliona, ukanyamaza?" Mama Jocelyne aliuliza.

"Niliona haya. Tata ni mkubwa wangu." Machozi yakamtoka. "Msinipigie makofi. Nimemwokoa katika uongo wangu mwenyewe."

Tata Mpoyi aliuangalia mkono wake wa kulia, akauzungusha hewani kidogo, kama vile alivyoizungusha ile koki. Uso wake ukabadilika.

"Asetilini," alisema taratibu. "Mutungi wa gesi ya kuchomelea haufunguliwi mpaka mwisho. Unafungua kidogo, ili moto ukitokea ufunge haraka. Miaka yote mi nilifungua vile. Leo mukono ulifanya kazi ya zamani, na mi sikuangalia."

Akainuka kwa shida, akamwendea Gael, akamshika mabega mbele ya kwaya yake yote.

"Mutoto wangu, nilikusingizia. Kosa ni langu. Unisamehe."

Gael hakujua aangalie wapi. Hakuwahi kuombwa msamaha na mtu mwenye mvi. Akaitikia kwa kichwa tu, akaacha kuhangaika na mkanda.

Mama Jocelyne alikaa mchangani karibu na Tshibola. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini alimfungia kitenge vizuri mabegani.

"Hutazamia mpaka likizo iishe," alisema. "Utakuja kila Jumamosi, utakagua wenzako wote, wakubwa kwa wadogo, na utabaki nchi kavu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Kukosea koki si ajabu. Mi mwenyewe, siku yangu ya kwanza kazini, niliruka majini mbele ya wakubwa na kipumulio nimekiacha mgongoni. Nilitoka nakohoa, wakanicheka mwezi mzima. Kosa la namna hiyo likisemwa, linakuwa kichekesho. Likifichwa, linaua. Leo lingeua mzee, na lingemfukuza mtoto asiye na kosa."

Tshibola alifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Niliogopa kumvunjia heshima."

"Najua. Ulilelewa vizuri, na sitaki uache kuheshimu wakubwa." Mama Jocelyne alimwonyesha Tata Mpoyi, aliyekuwa amekaa kando ya Gael, bado anapumua kwa nguvu. "Lakini sikiliza. Ungemheshimu hivyo hivyo mpaka kwenye matanga yake. Ungekaa pale na wenzako wa kwaya, ukamwimbia vizuri sana, na wewe peke yako ungejua kwamba uliiona koki."