Kinachonyonya Betri ya Marehemu

Shika sikio lako uape kwamba hili litafia hapahapa. Umeapa? Haya. Hata mimi niliapa, pamoja na wote walioona, tena mbele ya mke wa fundi mwenyewe, naye analia. Lakini siri ni kama kikohozi, utakizuia wee, mwisho kitatoka tu.

Fundi huyo alikuwa fundi umeme wa magari, na aibu yake ya kwanza ilikuwa pa kulala. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Mtaa mzima ulimwita fundi Bibi Harusi, maana yeye ndiye aliyehamia kwa mwenzake na begi mkononi. Alimeza, kwa sababu kazi aliijua, na kibanda chake cha kazi kilikuwa palepale getini. Hiyo kazi ndiyo iliyombakizia uso.

Sasa uani paliegeshwa gari la marehemu baba mkwe, kuukuu, umri mmoja na mke wa fundi. Tangu mzee azikwe, likaanza vitimbi. Asubuhi fundi anachaji betri, gari linanguruma vizuri. Alasiri ukigeuza ufunguo, tik, kimya. Betri imekauka kama ziwa la ajuza.

"Mganga hajigangi!" muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alipaaza sauti kila walipolisukuma. Wateja wakasikia. Mmoja aligeuza gari lake getini bila hata kuzima injini.

Mama mkwe yeye hakupiga kelele. Alisema kwa upole, mbele ya wageni, "Mwacheni baba wa watu. Nyaya nazo zina wenyewe." Fundi akatamani ardhi ipasuke.

Ndipo alipoamua kumsaka mnyonyaji. Akainua boneti, akafungua waya wa hasi, akaweka kibalbu chake cha kupimia kati ya waya na betri. Gari likiwa limezimwa, kibalbu hakitakiwi kuwaka. Kikiwaka, ujue kuna kitu kinakunywa moto, yaani umeme wa betri. Kikawaka. Akachomoa fyuzi ya redio. Bado. Ya honi, ya taa, ya feni. Bado. Akazichomoa zote, zikamjaa kiganjani kama punje za mahindi, akaitenga hata jenereta, na kibalbu kikaendelea, tena si kuwaka kwa kawaida: kilififia, kikang'aa, kikafifia, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Jua lilikuwa la utosi, saa ile ambayo kila mtu amejilaza na hata kuku wamenyamaza. Springi za kiti cha dereva zikalia, kwiii, kama mtu mzito anayejiweka sawa. Fundi akachungulia. Kitupu. Lakini harufu ilimpiga puani.

"Mke wangu," alinong'ona walipokuwa peke yao, "baba alikuwa anajipaka nini?"

"Marashi. Kwani vipi?"

"Na chini ya marashi… nywele zilizoungua?"

"Nyamaza! Mama asikusikie."

Fundi wa umeme aseme kashindwa na jini? Si ni sawa na mwalimu kusema hajui kusoma? Akatangaza mtaani kwamba kuna mwizi anayeiba moto wa gari, huku akimtazama muuza mkaa. Kisha akang'oa betri, akaiweka chini ya kitanda chake.

Siku zile zile mama mkwe akaanza kwisha. Mashavu yalibonyea, midomo ikawa ya majivu, bangili zikamvuka kiwiko. "Uzee," alisema mke wa fundi. Fundi hata hakumtazama vizuri. Alikuwa na furaha, betri yake imejaa.

Mpaka mchana mmoja, kupitia dirisha, alipoona mwanga chini ya turubai la gari. Taa ya ndani ya paa inawaka, na betri iko chini ya kitanda! Akili ya fundi ikampa jibu la kifundi: mwizi kaja na betri yake. Hasira zikampanda. Akaivuta betri chini ya kitanda, akaikumbatia kifuani, akatoka akipiga kelele mpaka uani pakajaa: mkewe, wateja, majirani, na muuza mkaa mbele kabisa.

"Leo mtamjua Bibi Harusi ni nani! Betri hii hapa, mnaiona? Sasa tumwone mwizi!"

Muuza mkaa akalivuta turubai, fundi akaufungua mlango kwa kiwiko, na harufu ya marashi na nywele zilizoungua ikawamiminikia wote, na ndani, kwenye kiti cha abiria, alikuwa amekaa mama mkwe, wanja machoni, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa mgongoni mbele ya mkwe wake, mkono mmoja umeinuliwa hewani, vidole vimefumbatana na vidole visivyoonekana, ngozi imedidimia palipobanwa, na kiti cha dereva kimebonyea kwa uzito wa mtu.

"Funga mlango, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Unanivua nguo mbele ya watu."

"Mama… toka nje. Nakuomba."

"Mzee alikuwa anashiba kwenye betri, mwanangu. Hakumdhuru mtu. Nani alikutuma uitoe?" Machozi yakavuta wanja. "Tangu uitoe, ananiomba mimi."

Taa ya paa ikafifia, ikang'aa, na kila ilipong'aa mashavu ya yule mama yalizidi kuingia ndani. Miaka yote fundi aliwaambia wateja kwamba moto hautoki hewani. Lazima utoke kwenye kitu. Akageuka amtafute mkewe. Hakuna aliyekuwa akimtazama mama tena. Macho ya ua mzima yalikuwa juu yake yeye, Bibi Harusi, na betri iliyojaa, nzito, mikononi mwake.