Kichwa Kisichoachiwa

Haya yalimkuta shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, siku ya Jumanne saa nane mchana, jua likiwaka vizuri tu. Nalitaja jua kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kama kulikuwa na giza, au kama shemeji alikuwa amelewa. Hakukuwa na giza na hakuwa amelewa.

Shemeji ni dereva wa bodaboda, na nyumbani tunamwita Daktari kwa kumtania. Alihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza pale zahanati, siku mbili tu, akarudi na begi la bandeji na maneno kibao. Jumapili nzima alitufundisha sebuleni. Mimi nilikuwa msaidizi, sufuria ndiyo ilikuwa majeruhi. Mtu aliyeanguka na pikipiki, alisema, humvui helmeti. Unapiga simu kwanza. Kisha unapiga magoti nyuma ya kichwa chake, unakishika kwa mikono miwili kisicheze, maana shingo ikiwa imevunjika, kucheza kidogo tu ndiyo basi tena. Na ukishakishika, huachii mpaka mwenzako akupokee. Anaweka mikono yake kando ya yako, unamuuliza, "Umeshika?" Anajibu, "Nimeshika." Hapo ndipo unatoa yako.

Tulicheka sana siku ile. Dada hakucheka. Mimi na yeye tulijua kilichompeleka Daktari kwenye mafunzo. Mwaka uliotangulia alimkuta dereva mwenzake ameanguka kando ya barabara ya mashambani, akamvua helmeti haraka haraka ili apate hewa, akamnyanyua kichwa. Yule mtu alikuwa anaongea. Akanyamaza. Shemeji aliogopa polisi, akakilaza kile kichwa kwenye nyasi, akawasha pikipiki akaondoka. Maiti ilionekana siku ya pili. Hakumwambia mtu ila sisi wawili.

Mwaka mzima aliikwepa barabara hiyo. Jumanne ile, barabara nyingine ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na alikuwa anarudi kutoka kumpeleka abiria, akajipa moyo akapita. Kuna shamba la mahindi pale, na mwenye shamba ameacha tuta refu la nyasi kando ya barabara, halilimwi wala halipigwi dawa, kwa ajili ya mbawakawa. Anasema wale wadudu weusi wanammalizia viwavi wote. Mchana hujificha chini ya mabua na mawe, jua likizama ndiyo wanatoka kuwinda.

Juu ya tuta hilo alikuwa amelala mtu, helmeti kichwani, miguu mtaroni. Pikipiki haikuonekana.

Shemeji alisimama. Safari hii hakutaka kukosea hata chembe. Akakimbia moja kwa moja, akapiga magoti, akakishika kichwa. Ndipo akakumbuka simu. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kwa pupa ya kutenda vizuri alikuwa ameruka hatua ya kwanza.

"Nipo kaka," alisema. "Usitikise kichwa."

Kioo cha helmeti kilijaa vumbi, hakuona ndani. Barabara ilikuwa tupu. Akaegemeza viwiko ardhini kama alivyofundishwa, akasubiri. Simu ikaita. Alijua ni dada, maana saa nane humpigia kumuuliza kama amekula. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena.

Kisha akamwona mbawakawa mmoja. Alitoka chini ya helmeti, akapita juu ya kidole gumba chake, akaingia kwenye nyasi. Mchana kweupe. Akafuata mwingine. Halafu wakawa wengi, wakitokea upande wa shingoni, wakimpanda mikononi, wakiingia ndani ya shati. Walikuwa wanang'ata. Hakuthubutu kujikung'uta. Akitikisika yeye, kichwa nacho kitatikisika.

"Kaka, unanisikia?"

Mahindi hayakucheza. Magoti yaliuma. Jasho lilimwingia machoni.

Ndani ya helmeti mtu akanong'ona, taratibu, kama mgonjwa anayeomba maji.

"Safari hii usiniachie."

Mwenye shamba alimkuta saa kumi na moja jioni. Alikuwa bado amepiga magoti, ameshikilia helmeti kuukuu iliyojaa udongo. Hakukuwa na mtu. Mwenye shamba aliitoa ile helmeti, akaitupa mtaroni, akamsaidia kusimama. Mikono ya shemeji haikushuka. Ilibaki mbele ya kifua, viganja vinatazamana, na katikati yake upana wa kichwa cha mtu.

Alikaa hivyo siku nne kwenye kochi. Dada alimlisha kwa kijiko. Zahanati walipojaribu kuinyoosha ile mikono, alipiga kelele kwamba watamuua. Si mimi, alisema. Yeye.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Dada alikuwa jikoni, analia huku amefungulia maji ili tusimsikie. Nampenda shemeji, ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki, na roho iliniuma kumwona alivyokonda.

"Shem," alininong'oneza, "nimechoka. Nishikie kidogo tu, niende chooni kama watu."

Nilidhani nikimfuatisha, akili itamrudia. Ni mchezo wetu uleule wa sufuria. Nikaweka mikono yangu kando ya yake.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Akatoa mikono yake. Akaitazama, akaikunja ngumi, akaikunjua. Akaenda chooni, kisha akalala siku mbili mfululizo. Amepona kabisa, ameshaanza kubeba abiria. Ila hanitazami usoni.

Ni kizito. Sikutegemea uzito. Na upande wa kushoto kina joto.

Anayeandika haya ni mke wangu, mimi nasema tu. Mara mbili ameweka kalamu chini ili amkung'ute mbawakawa mweusi kwenye karatasi, na madirisha yote tumeyafunga. Sasa hivi ameniuliza, kwa huruma tu, kama anishikie kidogo nipumzike.

Nimemwambia amalize kwanza kuandika. Bado sijamjibu, na mikono inaniuma sana.