Lita Mbili za Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asinate alipitia kibanda cha jenereta, akatumbukiza kijiti ndani ya tangi na kupima dizeli iliyotumika jana yake. Alichora ukutani kwa makaa, mstari mmoja kwa kila lita, kisha akaandika daftarini. Daftari alipewa na Litia, msichana kutoka Suva, mji mkuu wa Fiji, aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliopita. Hesabu hiyo ilikuwa ya utafiti wake wa kwanza, na wizara ingeutumia kuchagua kisiwa chenye shida zaidi kianze kupata umeme wa jua.

Ukutani mistari haikuzidi miwili kwa siku. Daftarini lita zilikuwa kumi. Bibi yake ndiye aliyetaka hivyo.

"Mgeni humpi gimbi lililooza," alimwambia. "Sasa aibu yetu ya kukosa dizeli utampaje aende nayo Suva? Andika kumi."

Mwezi ulipotimia, Litia alikaa mkekani kuagwa, mashua ikimsubiri. Wazee walizunguka bakuli la yaqona, kinywaji cha heshima cha mizizi. Yaqona ikinywewa, mtoto hafungui mdomo. Litia alijumlisha, akafunga daftari.

"Wazee wangu, nilidhani mna shida," alisema. "Kumbe mnatumia dizeli nyingi kuliko visiwa vyote nilivyopita. Nitaandika waanze na wenzenu. Ninyi mtasubiri, labda miaka mitano."

Mzee Apenisa, mkuu wa kijiji, aliinamisha kichwa. Kumbishia mgeni anayeaga ni utovu wa adabu. Asinate aliifikiria chanjo. Friji ya zahanati ilizimika kila jenereta lilipozimwa, na mara mbili chanjo ya mdogo wake Vili ilikuwa imeharibika. Litia alianza kufunga mkoba.

Asinate akatambaa kwa magoti hadi katikati ya mkeka.

"We, rudi hapa," bibi alinong'ona.

"Umekuwaje, mtoto?" Mzee Apenisa aliuliza kwa ukali.

"Nimeandika uongo, Mzee. Ni lita mbili tu, na siku nyingine hakuna. Za kweli ziko kibandani, ukutani."

Litia alimkazia macho. Kisha akainuka. "Mwambieni nahodha asubiri."

Alikwenda kibandani, akanakili mstari kwa mstari, akarudi na vidole vyeusi kwa makaa.

"Nusura niupeleke uongo huu kwa jina langu," alisema. "Nanyi mngekaa gizani kwa ajili ya adabu."

"Mtoto nilimtuma mimi," bibi alisema, macho chini. "Nisameheni."

Asinate alilia kwa kwikwi, na Mzee Apenisa hakumkemea tena.

Mwaka uliofuata paneli zilifungwa kwenye paa la zahanati, na Vili akachanjwa huku akipiga mayowe. Vijana walipokuja na rangi kukipendezesha kibanda cha jenereta, bibi aliwazuia mlangoni.

"Ukuta huo msiuguse," alisema, akamvuta Asinate karibu. "Mgeni mpe chakula kizuri, mjukuu wangu, lakini akikuuliza hali yako, mpe iliyo ya kweli. Mimi nimefundishwa hilo na makaa yako, uzee wote huu."